Paa Lisilong'aa

1

Siku fedha za Mwavuli zilipopitishwa, kiwanda kizima kilipikiwa pilau.

Habari ilitangazwa na redio ya kiwandani saa nne asubuhi. Bunge letu limekubali fungu la pili la kinga hii ya makombora, na huko kwa Mshirika, ng'ambo ya bahari mbili, wabunge wao nao wamekubali la kwao, siku ileile, saa ileile, maana ndivyo mkataba ulivyotaka. Asitoe mmoja kabla ya mwenzake. Basi vigelegele vikapigwa humohumo katikati ya makombora yaliyolazwa kwenye vitanda vya chuma kama wagonjwa, na wapishi wakaanza kumenya vitunguu.

Nyemo Chidawali alipita katikati ya furaha hiyo na sahani yake mkononi. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mwanamke mrefu, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kulia kwake walikuwa mafundi wa mwili. Mwili wa kombora la kinga ulitengenezwa hapahapa Ugogo, kwa mikono ya watu wa hapa. Kushoto yalikuwa masanduku ya jicho. Jicho lilikuja limefungwa kutoka kwa Mshirika, na hakuna mtu wetu aliyeruhusiwa kulifungua. Akili iliyounganisha mwili na jicho ilitengenezwa pamoja, na kwa sababu ilitengenezwa pamoja, hata walioitengeneza hawakuweza kukuambia ni ya nani.

"Mtani!" Mhandisi Kihwelo, mkuu wa kiwanda kwa upande wetu, alimpungia kutoka mezani. "Leo Mgogo atashiba. Jaza sahani, usije ukatutembelea nyumbani na kibuyu."

"Nikitembelea kwa Mhehe nitaogopa kuuliza mnachopika," Nyemo alijibu. "Chungu kikibweka, ongezeni chumvi."

Meza nzima ikacheka. Kihwelo akacheka kuliko wote, akafuta mdomo, kisha akatoa bahasha chini ya sahani yake.

"Haya, kazi kidogo kabla hujalewa nyama. Mwavuli unawashwa Jumatatu. Ramani ya Mwago imetoka. Hakiki, saini, urudishe."

Nyemo alikuwa mhakiki wa ramani. Kazi yake ilikuwa kutazama kile ambacho akili imekiona, na kusema ndiyo, au hapana. Kwa miaka tisa alikuwa hajasema hapana hata mara moja, kwa kuwa akili ilikuwa haijawahi kukosea mto wala mlima.

Alifungua bahasha akiwa bado anatafuna. Ndani mlikuwa na karatasi moja. Kulikuwa na picha ya nchi kavu kutoka juu, duara jekundu katikati, na maandishi mistari miwili.

*Eneo la Mwago: Chilungulu. Watu: 0.*

Akaacha kutafuna. Chilungulu ndiko alikozaliwa. Mama yake, Bi Sechelela, alikuwa huko asubuhi ile ile, bila shaka juu ya paa la nyumba yake, anageuza mtama ukauke.

2

"Naomba unieleze tena, kama unamweleza mtoto," Nyemo alisema.

Walikuwa watatu ofisini kwa Kihwelo: yeye, Kihwelo, na Bi Tarven, mhandisi mkuu wa upande wa Mshirika. Bi Tarven alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye Kiswahili cha darasani kilichonyooka kama rula.

"Kombora la adui linakuja," Bi Tarven alisema. "La kwetu linapanda na kulipiga. Yote mawili yanavunjika. Lakini hayaishi, Bi Nyemo. Vyuma vile vina uzito wa lori lililojaa, na vinawaka. Vitaanguka tu. Akili ina nafasi ndogo ya kuchagua mahali pa kuyagonganisha, kwa hiyo inachagua pia mahali pa kuangukia. Inatafuta mahali pasipo na watu. Ikikosa, inatafuta penye watu wachache zaidi."

"Mwavuli haunywi mvua," Kihwelo alisema kwa sauti ya chini. "Unaimwaga pembeni."

"Na Chilungulu ni pembeni."

"Chilungulu hakuna mtu," Bi Tarven alisema, akigusa karatasi. "Jicho limetazama."

"Mama yangu yupo pale."

Bi Tarven aliinua uso. Akaitazama karatasi, akamtazama Nyemo, akaitazama karatasi tena, kama mtu aliyeambiwa kwamba kiti alichokalia kina mwenyewe.

Nyemo hakuhitaji kuelezwa kilichotokea. Alikijua. Alikijua tangu alipoona ile sifuri.

Miaka ishirini na mitano nyuma, kabla hata Mwavuli haujapewa jina, alikuwa binti katika ukumbi wa kupanga mjini, na mabinti wenzake arobaini, kila mmoja mbele ya kioo cha kompyuta yake. Waliletewa picha zilizopigwa kutoka juu, na kazi yao ilikuwa kuifundisha mashine. Huu mti, huu mto, hii nyumba, hii ardhi. Kijitabu cha kazi kilikuwa na kanuni kumi na mbili. Kanuni ya saba ilisema: nyumba ni jengo lenye paa la kudumu, na paa la kudumu hung'aa.

Siku moja ikaja picha ya Chilungulu. Aliitambua kwa korongo na kwa mwamba uliokaa kama kuku anayelalia. Akaliona tembe la mama yake, nyumba ndefu ya miti na udongo, paa lake bapa la udongo limeota majani pembeni, na katikati mtama mwekundu umeanikwa. Kutoka juu lilikuwa shamba kabisa, lililovunwa jana.

Yulida aliyekaa naye akachungulia. "We Nyemo, hiyo ni nini? Ni kwenu? Mbona kwenu kumeota nyasi kichwani?"

Mabinti wakacheka. Wengine walikuwa wametoka kwenye nyumba za bati. Miaka ile tembe lilikuwa la kuonewa aibu. Viongozi walipita vijijini wakihimiza watu waachane nalo, na kwenye fomu liliandikwa makazi duni. Nyemo naye akacheka. Mkono wake ukalipita tembe la mama yake, akabonyeza: ardhi. Akayapita na mengine sitini. Ardhi, ardhi, ardhi. Jioni akasifiwa kwa kasi.

Aliyaona mambo yakienda hivyo, akadhani yamekwisha. Nani angejua kwamba ile miaka ya joto ingekuja? Bati likaanza kuunguza watu ndani ya nyumba zao. Watoto wakazirai mchana vitandani. Polepole, bila kuhimizwa na mtu, watu wa bonde zima wakarudi kwenye udongo: mwalimu, mganga wa zahanati, hata mchungaji. Paa nene la udongo lilikaa na ubaridi wa alfajiri mpaka saa tisa mchana. Na kila aliyeingia chini ya udongo, akatoka kwenye hesabu ya jicho.

"Badilisheni kanuni ya saba," alisema.

"Kanuni ya saba imo ndani ya akili," Bi Tarven alisema. "Akili ni ya pande mbili. Kuigusa ni kazi mpya."

"Sawa, ifanyeni."

"Kazi mpya inataka fedha mpya," Kihwelo alisema. Alikuwa ameinamia meza, haonyeshi uso. "Na fedha mpya inataka mabunge mawili, siku moja, saa moja. Wao wamefunga kikao leo baada ya kura. Wanarudi mwezi wa sita mwakani."

"Kanuni hiyo ilitoka kwenu," Bi Tarven alimwambia Kihwelo, taratibu. "Wizara yenu ndiyo iliyotuandikia nyumba ni nini."

"Ilitoka kwenu. Nyinyi ndio mliosema jicho linaona kinachong'aa tu, tukawaandikia kinachong'aa."

Hakuna aliyesema uongo kati yao, na hapo ndipo Nyemo alipoanza kuogopa kwelikweli. Angempata mwongo mmoja, angekuwa na wa kumkaba.

"Nisiposaini?"

"Atasaini wa zamu ya mchana," Kihwelo alisema. "Na wote wakikataa, Jumatatu inapita, Mwavuli hauwaki, na fedha zinarudi kwa wenyewe. Ndivyo ilivyoandikwa. Mtani, mwezi wa nne ulikuwa wapi?"

Alikuwa hapahapa mjini. Mwezi wa nne kombora la adui lilianguka kwenye soko la nafaka saa tano asubuhi. Watu mia mbili na kumi na mmoja. Nyemo alikwenda na ndoo kuosha lami, kama wanawake wengine wa mtaa. Mpaka leo hawezi kununua kunde za kupimiwa kwa kopo.

Akachukua kalamu. Akasaini. Jina lake likatoka limepinda.

Kihwelo alipotoka kuipeleka karatasi, Bi Tarven alibaki dirishani, amempa mgongo.

"Jicho lililo angani linasoma upya mapaa kila Alhamisi," alisema. "Linasoma tu. Hiyo haihitaji bunge. Likiona paa linang'aa, linahesabu watu watano. Mimi sijakuambia kitu."

3

Jumatano Nyemo alifika Chilungulu na gari la kiwandani lililojaa makato ya bati: vipande vyeupe vilivyobaki baada ya kukata miili ya makombora, vyepesi, vinavyong'aa mpaka vinaumiza macho. Aliwaambia walinzi ni takataka. Haukuwa uongo.

"Mbukwenyi!" aliamkia kwa Kigogo kutoka chini.

"Mbukwa!" Sauti ilitoka juu. Bi Sechelela alikuwa palepale Nyemo alipomdhania, miguu peku juu ya paa, kitenge kimekazwa kiunoni, anageuza mtama kwa unyayo, mstari kwa mstari. Alikuwa na miaka sabini na minane. "Nyemo! Jumatano? Umefukuzwa kazi?"

"Sijafukuzwa, mama. Shuka."

"Panda wewe. Mimi nina kazi."

Akapanda. Na juu ya paa lile, jua linachoma, mtama unakwaruza nyayo, akamweleza mama yake jambo ambalo alikuwa ameapa mbele ya bendera mbili kutolisema. Alieleza kama alivyoelezwa: jicho, akili, Mwago. Mama yake aliendelea kugeuza mtama. Alipofika mwisho wa mstari akasimama.

"Kwa hiyo hiyo mashine ikitazama hapa, haituoni."

"Inaona shamba."

"Na nani aliiambia hapa ni shamba?"

Nyemo akainama, akaanza kusawazisha mtama kwa kiganja. Bi Sechelela akamtazama kwa muda, kisha akatazama korongo.

"Haya," alisema. "Leta hayo mabati."

Kijiji kikafanya kazi mpaka jua la saa kumi. Kila paa bati moja, limekandamizwa kwa mawe pembe nne. Watu hawakuuliza sana. Walisikia ni ya kuzuia hatari ya angani, wakaona yanatoka serikalini, yakawatosha. Mzee Chilewa, jirani, mfupi, mwenye mdomo usiolala, alisimama juu ya paa lake anapigapiga bati kwa fimbo.

"Jamani! Miaka ile walituambia tutoe udongo tuweke bati, tukakataa, mwishowe tukaweka. Miaka ya joto tukatoa bati tukaweka udongo. Sasa tunaweka bati juu ya udongo! Mwakani watatuambia tupande mtama juu ya bati!"

Watu wakacheka. Hata Nyemo alicheka, kwa mara ya kwanza tangu pilau. Alitazama bonde lote likimeremeta, mapaa sitini na mawili, na moyo ukatulia kidogo. Kesho jicho litapita, litawaona.

Ndipo Bi Sechelela alipomshika mkono.

"Na hicho chuma," alisema, "kisipoanguka hapa, kitaanguka wapi?"

"Kwingine, mama."

"Kwingine wapi?"

"Porini."

"Pori gani, Nyemo? Mimi nimetembea nchi hii kwa miguu. Nitajie."

Nyemo alikuwa ameshalitafuta. Alikaa usiku wa jana na orodha, akashuka na kidole mpaka jina la pili, la mahali pengine penye sifuri. Angeweza kudanganya. Lakini mama yake alikuwa anamtazama mdomoni, kama alivyokuwa akimtazama zamani akirudi na kibuyu cha maziwa kilichopungua.

"Isangha," alisema.

Mzee Chilewa aliacha kupiga bati.

Isangha ilikuwa mwendo wa siku moja na nusu kwa miguu, upande wa pili wa tambarare ya chumvi. Nyumba kama thelathini, zote tembe. Mwaka ule wa njaa kubwa, Nyemo akiwa bado mgongoni, Bi Sechelela alikwenda Isangha kuhemea. Hakuwa na kitu cha kubadilishana. Wakampa debe la uwele, wakamfungia mtoto nguo kavu, wakamsindikiza mpaka kwenye chumvi. Hadithi hiyo Nyemo aliisikia kila mavuno.

"Waambieni na wao waweke mabati," mtu mmoja alisema.

"Wakiweka, chuma kitakwenda kwa wa tatu," Nyemo alisema. "Na wa tatu akiweka, kwa wa nne. Wa mwisho kabisa ni mjini."

"Basi wahame!"

"Wahamie wapi, na mpaka lini? Mwavuli ni wa miaka kumi na mitano. Na kuwaambia tu ni kifungo."

"Sasa tufanye nini, mwanangu?" Mzee Chilewa aliuliza, na safari hii hakukuwa na mzaha. "Tuyashushe? Niwashushie wajukuu wangu bati ili chuma kiwajie wao? Mimi siwezi. Nisemeni vibaya. Siwezi."

Hakuna aliyemsema vibaya. Watu wakatazamana, kisha wakaacha kutazamana. Mmoja mmoja wakashuka kwenye mapaa yao, na mabati yakabaki juu.

"Yaacheni yakae," Bi Sechelela alisema hatimaye. "Watoto wa watu wanalala chini yake. La kwangu lishusheni. Mimi nalala peke yangu."

"Mama!"

"Kwani lazima kila paa? Si umesema yanahesabiwa? Sitini na moja hayatoshi?"

Yalitosha. Ndilo lililomuuma Nyemo. Mama yake alikuwa salama sasa, bati liwepo lisiwepo. Nyemo alilishusha mwenyewe, akaliegemeza ukutani, na walipoagana mama yake alikuwa bado analitazama.

4

Alhamisi jicho lilipita. Kwenye kioo cha Nyemo jina la Chilungulu likabadilika: *Watu: 305.* Duara jekundu likanyanyuka kutoka kwenye korongo na mwamba wa kuku, likavuka tambarare nyeupe ya chumvi, likatua.

*Eneo la Mwago: Isangha. Watu: 0.*

Jumatatu Mwavuli ukawashwa. Mawaziri wawili, wa kwetu na wa kwao, walishika mkasi mmoja na kukata utepe.

Nyemo hakulala vizuri juma lile, wala hakula vizuri. Aliandika barua tatu. Ya kwanza kwa Wizara. Akajibiwa suala lake ni la kiufundi, lipelekwe kwa Mshirika. Ya pili kwa Mshirika. Akajibiwa suala lake ni la makazi ya wananchi, lipelekwe Wizarani. Ya tatu aliichana mwenyewe.

Alhamisi ya pili, saa mbili asubuhi, jicho likapita tena. Nyemo alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Kwenye mstari wa Isangha ile sifuri iliyumba, ikafutika, ikaja namba nyingine.

*Watu: 5.*

Aliweka kikombe chini. Akaikuza picha. Tambarare, chumvi, mashamba, na katikati ya mashamba, kitu kimoja kinachong'aa kama jino.

Akampigia Mzee Chilewa.

"Mama yako?" Mzee alisema. "Si alitoka Jumanne. Na bati lake kichwani, kama anapeleka mahari! Nikamwambia, we bibi, upepo utakupeperusha utue Zambia. Akaniambia nimlishie kuku."

"Amekwenda Isangha."

"Alisema anakwenda kuwaambia uso kwa uso. Alisema jambo kama hilo halisemwi na barua. Na kwamba atawasaidia kupura mpaka wamalize, maana wako nyuma na mavuno. Nyemo? Kwani bati moja halisaidii?"

Nyemo akatazama orodha. Isangha watu watano. Mahali palipofuatia palikuwa na watu arobaini. Duara halikusogea hata kidogo. Akili ilikuwa imejumlisha, ikatoa, ikaona watano ni wachache.

"Halisaidii, baba," alisema.

Kupiga simu Isangha haikuwezekana. Mnara wao ulishang'olewa mwaka juzi ukaletwa kwenye kilima cha kiwanda kusaidia jicho kuzungumza na akili. Akaenda kwa Kihwelo.

"Nipe gari. Nusu siku tu."

"Lango limefungwa tangu saa moja," Kihwelo alisema. "Adui ametoa makombora yake nje. Hatoki mtu, haingii mtu. Hata mimi." Kisha akamwangalia vizuri. "Kuna nini?"

"Mama yuko Isangha."

Kihwelo alikuwa mtani wake kwa miaka tisa. Walizikana, walinyang'anyana kuku kwenye misiba, walitukanana mbele ya wakubwa. Alivua kofia yake, akaishika mbele ya tumbo. Nyemo angetoa chochote asikie tusi.

5

King'ora kililia saa nne na dakika kumi.

Chumba cha akili hakikuwa kikubwa. Viti viwili, vioo viwili, na mbele ya kila kiti kitufe cheupe cha kuzuia. Vilikuwa viwili kwa sababu fedha zilikuwa za wawili: mhakiki wa upande wetu na mhandisi wa upande wao, wabonyeze pamoja, ndipo kinga isipande. Mmoja peke yake ni kama hajabonyeza. Katika mafunzo waliambiwa ni kwa ajili ya ndege ya abiria iliyopotea njia.

Bi Tarven alikuwa ameshakaa. Nyemo akakaa.

Kwenye kioo nukta moja ilikuwa inakuja kutoka kaskazini. Akili ikachora mstari mbele yake mpaka mahali inapokwenda: mjini, kati ya stendi na hospitali ya rufaa. Ikaandika: *Watu: 6,400.* Ikachora mstari wa pili unaopanda kutoka kiwandani, ikaweka msalaba pale ambapo mistari itakutana, na chini ya msalaba lile duara jekundu. *Isangha. Watu: 5.*

Chini kabisa sekunde zilianza kushuka. Kumi na tisa. Kumi na nane.

Nyemo akaweka kidole juu ya kitufe. Hakukibonyeza. Alitaka tu kujua kama kidole kitafika.

Akageuka. Bi Tarven alikuwa anamtazama, na kidole chake nacho kilikuwa juu ya kitufe chake. Uso umemkauka. Alikuwa anasubiri. Alikuwa anamwachia yeye, na machoni mwake palikuwa na ombi: asiambiwe abonyeze.

Kumi na moja.

Nyemo alifikiria stendi saa nne asubuhi, wachuuzi wa mayai, wajawazito kwenye benchi la hospitali. Alifikiria ndoo na lami. Alifikiria nyayo za mama yake zikigeuza mtama wa watu wengine, mstari kwa mstari. Alitaka namba moja kati ya zile mbili iwe si kweli. Wale watano kwa kweli walikuwa kama mia na hamsini, na bado mia na hamsini ni wachache kuliko elfu sita. Hata hesabu ingekuwa sahihi, jibu lingekuwa lilelile. Hilo alikuwa hajalifikiria mpaka sekunde ile: kwamba uongo wote ule, kanuni ya saba na kicheko na aibu, haukuhitajika kabisa kumuua mama yake. Umesaidia tu asijulikane.

Nne. Tatu.

Hakubonyeza. Wala hakuweza baadaye kusema kwamba aliamua kutobonyeza. Zilikwisha tu, na kidole kikabaki pale.

Sakafu ikatetemeka. Kinga ikapanda.

Dakika mbili na kitu, msalaba ukawaka mweupe. Nje, watu walikuwa wanakimbia uwanjani kutazama juu, na kelele ikaanza, kelele ya kwanza ya furaha kusikika mjini tangu mwezi wa nne. Mtu alikuwa anapiga honi ya forklifti bila kuachia. Mwavuli umefanya kazi. Mji mzima uko palepale.

Bi Tarven aliondoa kidole chake polepole, akakifungia ndani ya mkono mwingine. "Bi Nyemo," alisema. Kiswahili kikamwishia hapo.

Baada ya kila mgongano jicho lilirudi kutazama Mwago mara moja. Halikungoja Alhamisi nyingine; ndivyo lilivyotengenezwa. Nyemo alikaa akalisubiri. Moshi ulitanda kwenye picha, ukasogea na upepo, ukafunua chumvi, ukafunua mashamba. Alitafuta lile jino linalong'aa. Alitafuta kila kona ya kioo, miwani imeshikwa kwa mkono.

*Isangha. Watu: 0.*

Na chini yake mstari mwingine, ambao hakuwahi kuuona, kwa kuwa Mwavuli haukuwahi kutumika: *Eneo linafaa kutumika tena.*

Kihwelo aliingia na fomu ya taarifa. Ilikuwa imekwisha kujazwa na akili yenyewe, kila mstari, kwa lugha mbili, itumwe kwenye mabunge mawili mchana uleule. Kombora lililozuiwa: moja. Usahihi: kamili. Hasara ya watu: 0. Palibaki mahali pawili pa saini, na pa upande wao pameshasainiwa kutoka ng'ambo.

"Sikulazimishi, mtani," Kihwelo alisema. Macho yalikuwa mekundu. "Nitamwambia wa zamu ya mchana."

Nyemo alichukua kalamu. Kwenye mstari wa hasara akaikata ile sifuri, akaandika juu yake, kwa herufi kubwa za shule ya msingi: SECHELELA CHIDAWALI, MIAKA 78, ALIKUWA ANAPURA. Hakuyajua majina ya wengine. Akaiweka fomu kwenye mashine ya kutuma taarifa.

Mashine iliivuta, ikaisoma, ikaitema. *Mstari wa tisa unapokea namba tu.*

Akaiingiza tena. Ikaitema tena. Akaiingiza tena. Bi Tarven na Kihwelo walisimama nyuma yake, mmoja kulia, mmoja kushoto, hakuna aliyemzuia, hakuna aliyejua la kumsaidia, na kutoka jikoni, chini ya dirisha, harufu ya vitunguu vya pilau ilikuwa imeshaanza kupanda.